Mlango mmoja au milango mingi: ukihofia adui wa nje, nguvu zikae Nairobi au kaunti?

Baraza yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale, na watalii waliopotea njia ya Fort Jesus hutuuliza sisi. Wiki iliyopita, baada ya magharibi, kijana mmoja fundi wa simu aliuliza swali lililosimamisha hata mchezo wa bao.

"Ami, hebu nambia. Huyu asema turudi kwa serikali moja yenye nguvu, la sivyo tutamezwa na watu wa nje. Yule asema kaunti ziongezwe nguvu, ikibidi majimbo yarudi. Siku hizi kila mtu ana karatasi yake ya kutia sahihi. Mimi nitie ipi?"

Nilianza kumjibu, adhana ya isha ikanikata, na tuliporudi kutoka msikitini watu walikuwa washaingia kwenye mpira. Basi namjibu hapa, yeye na yeyote mwengine aliyeletewa karatasi.

Tunalinganisha vitu viwili. Cha kwanza ni serikali kuu yenye nguvu: jeshi moja, hazina moja, sauti moja kwa mataifa ya nje, na viongozi wa mikoani wanaotekeleza wanachoambiwa. Cha pili ni madaraka yaliyogawanywa: eneo lina bunge lake, ardhi yake, sehemu kubwa ya kodi yake, na wengine husema hata askari wake. Kenya ya leo imekaa katikati. Katiba ya 2010 ilizaa kaunti 47 na kuzihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini Jedwali la Nne likabakiza ulinzi, polisi na mambo ya nje kwa serikali ya kitaifa. Ukilisoma vizuri jedwali hilo utakuta kaunti zimepewa "vivuko na bandari", kisha papo hapo zikanyang'anywa usimamizi wa meli. Wanasiasa wa Mombasa wameishi kwenye mwanya huo miaka yote hii.

Swali langu ni moja tu: nani anamzuia mgeni asiyealikwa? Takataka, zahanati na barabara za mitaani zina hoja zake, na leo siziingilii.

Mji huu ulivyofunguliwa

Tuanze na jiwe lililo mbele yetu. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498 hakupata makaribisho mema. Akapanda hadi Malindi, akapokewa, akapewa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mfalme wa Malindi hakuwa mjinga. Mombasa ilikuwa ikimbana kibiashara, na Mreno mwenye mizinga alionekana fimbo nzuri ya kumtandika jirani. Fimbo ikafanya kazi. Francisco de Almeida aliichoma Mombasa 1505, Nuno da Cunha akaipiga tena 1528, na katika miaka ya 1590 mtawala wa Malindi akahamishiwa kwenye kiti cha Mombasa huku Wareno wakianza kujenga ngome yao, hii Fort Jesus, mwaka 1593. Wakati huo Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate na Lamu kila mmoja ulikuwa na mtawala wake na urafiki wake na vyombo vya nje. Mreno hakuwa na haja ya kuvunja milango yote. Ilimtosha mmoja ufunguliwe kutoka ndani.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. (Kunguru wenyewe wa Mombasa ni wageni, asili yao Bara Hindi, na mpaka leo hakuna serikali, kuu wala ndogo, iliyoweza kuwatoa.)

Nao Wareno wakatolewa kwa njia ileile waliyoingilia. Watu wa Mombasa walipeleka ombi Oman, ngome ikazingirwa kuanzia Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mgeni huyu naye alikuja na godoro lake. Wamazrui waliowekwa kuwa maliwali wakajitoa chini ya Oman katikati ya karne ya 18, ukoo wa Busaidi ulipochukua utawala kule. Mwaka 1824, wakimhofia Seyyid Said, mtawala wa Oman, wakaomba ulinzi wa Uingereza kwa Kapteni Owen aliyekuwa akipita na manowari zake. London haikuutaka mpango huo, na 1826 bendera ikateremshwa. Seyyid Said akauchukua mji 1837, na hakuuchukua kwa mizinga peke yake. Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa hapa, walikuwa hawako kitu kimoja, na wako waliokuwa wamechoshwa na Wamazrui kiasi cha kumwona Seyyid ndiye nafuu.

Hesabu mwenyewe: miaka mia tatu na zaidi, na karibu kila aliyeingia alikuta ndani mtu wa kumshika mkono. Hapa wapenzi wa serikali moja wana haki ya kupiga makofi.

Lakini wasikunje mkeka bado. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Pwani ilikuwa na mwenyewe mmoja, Sultani wa Zanzibar. Hakuna taifa kati ya yale kumi na mawili lililoweza tena kwenda kutafuta mgeni kwa siri. Mlango ulikuwa mmoja, kama tunavyohimizwa leo, na ulifunguliwa kwa karatasi. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi ulitiwa chini ya utawala wa Uingereza kwa malipo ya kila mwaka, na Sultani aliyekubali alikuwa mwenyewe chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Kwa maneno mengine, mnunuzi ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa muuzaji. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana 1895 na 1896, akashindwa, akavukia upande wa Wajerumani. Tarehe 8 Oktoba 1963 ikaja karatasi nyengine, London tena: Jomo Kenyatta upande huu, Muhammad Shamte wa Zanzibar upande ule, na ukanda ukaingia Kenya moja kwa moja. Waliokuwa wakidai Mwambao uwe na mamlaka yake hawakuwa na kalamu mezani.

Kwa hiyo historia ya mji huu haimpi ushindi upande wowote kwa urahisi. Milango ikiwa mingi, adui anatafuta panzi mmoja mwenye hasira na mwenzake. Mlango ukiwa mmoja, anamtafuta mwenye ufunguo, na hapo kazi yake ni fupi zaidi.

Wamarekani nao walibishana hivi

Makoloni 13 ya Marekani yalipopata mkataba wa amani 1783 yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba nyembamba. Kongresi lao halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliomba michango, na kila jimbo likachanga lilivyojisikia, kama harusi ya mtu usiyempenda. Waingereza wakaendelea kukaa kwenye ngome za kaskazini-magharibi hadi 1796. Hispania ikawafungia mto Mississippi 1784. Mwaka 1785 meli zao mbili zilikamatwa na maharamia wa Algiers, na hawakuwa na manowari ya kuzifuata. Walipokutana Philadelphia 1787 kuandika katiba mpya, hofu hizo zilikuwa chumbani pamoja nao.

John Jay, aliyekuwa akisimamia mambo yao ya nje, alitetea muungano katika magazeti ya New York mwaka huohuo. Ana hoja moja ambayo kwetu husahaulika. Watu wengi husema nchi kubwa humtisha adui. Yeye aliongeza kwamba nchi moja pia humchokoza adui mara chache zaidi. Majimbo 13 yakiwa na sera 13, jimbo la mpakani laweza kuvunja mkataba au kumshambulia jirani kwa tamaa yake, na vita vikawafikia wote. Upande wa pili alikuwapo Patrick Henry wa Virginia, aliyeogopa kwamba serikali yenye nguvu za kumzuia mgeni ina nguvu za kumkaba mwenyeji. Katiba ilipita, lakini 1791 ikaongezewa orodha ya haki za raia, sehemu kwa sababu ya watu wa aina ya Henry. Hawakushinda, ila walifanya ushindi wa wenzao uwe na masharti.

Majimbo yetu ya mwaka mmoja

Ubishi huohuo ulikuwa London 1962, Lancaster House. Chama cha KADU cha Ronald Ngala, mtoto wa Pwani, kilitaka majimbo. KANU, chama cha Kenyatta, kilitaka serikali moja. Tukaingia uhuru 12 Desemba 1963 na majimbo saba na Seneti juu yake. Novemba 1964 KADU ikajivunja, Desemba ikawa jamhuri, na majimbo yakawa jina tu kabla ya kufutwa kabisa.

Kisingizio kilikuwa usalama wa nchi, na lazima niwe mkweli: hofu ile haikuwa ya kutungwa. Somalia ilikuwa inadai eneo la kaskazini-mashariki waziwazi, na nyota ya bendera yake ina pembe tano, mojawapo ikiwa ya kwetu. Vita vya shifta, vya waliotaka eneo hilo lijitenge, vilianza. Januari 1964 peke yake iliona mapinduzi Zanzibar, kisha wanajeshi wakaasi Tanganyika, Uganda na hapa Kenya, kambi ya Lanet. Serikali yenye kauli moja ndiyo iliyoweza kufunga mkataba wa ulinzi na Ethiopia, na ndiyo iliyofikia maelewano na Somalia Arusha mwaka 1967. Jimbo lililogombana na Nairobi juu ya fedha za shule lisingelipata hayo. Kwenye kipimo cha diplomasia, serikali kuu ilishinda na sioni pa kubishia.

Kisha angalia bei yake. Kaskazini-mashariki iliendelea kutawaliwa kwa sheria za dharura hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, miaka zaidi ya ishirini baada ya vita kwisha. Wagalla, Wajir, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia, Wasomali wa huko, walikusanywa kwenye uwanja wa ndege na wengi hawakurudi nyumbani. Mlinzi akikaa muda mrefu bila wa kumuuliza, huanza kumlinda mwenye nyumba dhidi ya watoto wake. Na vikundi vyenye silaha vya ng'ambo vilipoanza kutafuta vijana wa kuwasajili miaka iliyofuata, havikuanza na ukurasa mtupu.

Jirani zetu wa kusini hutajwa sana barazani kama mfano wa umoja, na kwa haki. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo, na Aprili 1979 majeshi yao yalikuwa Kampala. Wanaoutaja mfano huo husahau mambo mawili. Uchumi wa Tanzania ulilipia vita vile kwa miaka mingi. Na nguvu ile haikukaa Dar es Salaam peke yake: kulikuwa na mgambo vijijini na balozi wa nyumba kumi anayejua nani kalala kwa nani. Sisi tuliiga Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, 2013, tukaichukua kama kibandiko. Halafu Tanzania hiyohiyo ya umoja imeiachia Zanzibar rais wake tangu Muungano wa 1964, na baraza lake la wawakilishi tangu 1980.

Upande wa pili wa sarafu ni Somalia. Siad Barre alichukua nchi 1969, akaikusanya yote mkononi, akajenga jeshi lililoogopwa katika eneo hili, akaliingiza Ogaden, upande wa Ethiopia, 1977. Miaka kumi na moja baadaye jeshi lilelile lilikuwa linaipiga Hargeisa, mji wa nchi yake. Januari 1991 serikali ikaanguka kama dari lililooza boriti. Wazee wa Mombasa wanakumbuka mashua zilizofika zimejaa mama na watoto, na kambi ya Utange. Tangu hapo kila mwenye nia na Pembe ya Afrika amekuwa akiingia Somalia na kutoka. Hakuna serikali iliyokuwa imekusanya madaraka kuliko ile.

Adowa nayo niitaje japo kwa mbio. Machi 1896 Menelik wa Ethiopia aliwashinda Waitalia akiwa na majeshi yaliyoletwa na watawala wa mikoa, kila mmoja na watu wake na bunduki zake. Ulikuwa umoja wa kuitana, na siku ile ulitosha.

Leo, kwenye maji yetu

Adui wa leo hafiki na mizinga, na hapa ndipo kuchagua kunapokuwa kugumu, kwa sababu kila tishio lina mlango wake.

Mpaka wa bahari ni rahisi kuamua. Somalia ilitupeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 2014, na Oktoba 12, 2021 hukumu ikatoka, sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa ikaenda kwao. Kenya ilikuwa imejiondoa kwenye kesi miezi kadhaa kabla, na ikaikataa hukumu. Unaweza kulalamika jinsi kesi ilivyoendeshwa, mimi mwenyewe nalalamika, lakini Kaunti ya Lamu haingeweza hata kuruhusiwa kupita mlango wa mahakama hiyo. Wanaosimama pale ni mataifa. Vivyo hivyo kambi ya wanamaji Mtongwe: huwezi kuikata vipande sita vya Pwani ukabaki na jeshi la majini.

Madawa ya kulevya ni habari nyengine. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi, maili zisizofika thelathini kutoka Mombasa. Tani moja, mbele ya mlango wetu, na aliyeiona ni Mwaustralia. Serikali kuu ilikuwapo. Kaunti nazo zilikuwapo, mwaka mmoja tu tangu zianze. Vijana waliotiwa sindano na unga huo ni wa hapa, wa mitaa hii, na mama zao tunawajua.

Hapo ndipo ninapotaka kueleza jambo nililoliona mwenyewe. Mwaka jana nilikwenda diko moja upande wa kusini kununua samaki. Nikiwa nasubiri changu waparwe, mvuvi mmoja mzee akaegemea dau lake, akaangalia nje ya mwamba na kusema, "Jahazi lile silo la huku. Tanga lake limekatwa vyengine, tena limelala mno, lina mzigo." Hakuwa na darubini. Alikuwa na miaka hamsini ya kuangalia maji yale. Akamwambia mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia diko. Mwenyekiti, mtu wa kujitolea mwenye simu ya kadi, akapiga ofisi moja, akaambiwa kazi hiyo si yao, apige nyengine. Ya pili ikamwambia aandike barua kupitia kwa mkubwa fulani. Ya tatu haikushika. Changu wangu wakawa washaparwa, washakatwa, wako kikapuni, na jahazi halionekani tena. Labda lilikuwa limebeba mchele. Hatujui, na ndiyo kasoro yenyewe.

Mzee yule ndiye jicho la kwanza la nchi hii baharini. Hakuna setilaiti ya Nairobi itakayojua tanga limekatwa vyengine. Lakini jicho hilo halina mshipa wa kulipeleka kichwani. Mombasa ina gavana aliyechaguliwa, ina kamishna wa kaunti aliyeletwa na serikali ya kitaifa, ina polisi, ina walinzi wa pwani walioanzishwa 2018, ina wanamaji. Mvuvi anamjua chifu na diwani, ambaye siku hizi tunamwita MCA. Sheria ya polisi ya 2011 iliweka hata mamlaka ya polisi ya kaunti yenye gavana kama mwenyekiti, ili wenyeji na polisi wakae meza moja, na nikiuliza barazani nani amewahi kuisikia ikikaa, wananiangalia kama nimetaja jini.

Wanaosema jawabu ni kuipa Nairobi nguvu zaidi wanadhani tatizo ni mkono kuwa mfupi. Mkono ni mrefu wa kutosha. Juni 2014 wanamgambo walivamia Mpeketoni, Lamu, wakaua zaidi ya watu 60 katika usiku mbili, na mamlaka yote ya usalama yalikuwa Nairobi, kama katiba ilivyotaka. Gavana hakuwa na askari hata mmoja wa kuamuru, kwa hiyo huwezi kusema ugatuzi ulimfunga mtu mikono.

Kalamu

Tishio ambalo linanikosesha usingizi zaidi ya bunduki ni la karatasi, na mji huu unalijua kuliko mji wowote Kenya. Mikataba ya mkopo wa reli ya SGR ilitiwa sahihi 2014 na benki ya Exim ya Uchina. Tukaambiwa ni siri. Reli inaanzia hapa, mzigo unatoka bandari yetu, na ilipita miaka minane mpaka Novemba 2022 serikali ilipotoa sehemu tu ya kurasa zake. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo ya bara ipande reli moja kwa moja. Madereva na mawakala wa mizigo wakaandamana barabarani. Septemba 2022 rais mpya akaapishwa na kusema kazi ya kuondosha mizigo irudi Mombasa. Kalamu moja ilifunga, kalamu moja ikafungua, na katika safari zote mbili mji ulipata habari kwenye redio.

Mtu wa serikali kuu atasema: ndivyo nchi zinavyokopa, huwezi kuuliza kaunti 47 kabla ya kila sahihi. Kweli. Huwezi kujenga reli kwa kura ya maoni kila stesheni. Lakini mgeni mwenye fedha nyingi na subira anapenda sana nchi ambayo anahitaji kumshawishi mtu mmoja tu. Na mtu wa majimbo asicheke, kwa sababu gavana ni rahisi zaidi kushawishika, kwa bei ndogo zaidi. Malindi ya 1498 ilitosha.

Karatasi ipi?

Basi, kijana wangu, ukiletewa karatasi isemayo jimbo liwe na askari wake, au liwe na uhuru wa kupatana na nchi ya nje, usitie sahihi. Nimeishi hapa Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, bunduki zikachukuliwa na watu zaidi ya mia moja wakauawa katika wiki za siasa ya uchaguzi. Waliofanya hivyo walilazimika kuiba silaha. Sitaki kuona msimu wa uchaguzi ambapo mwanasiasa wa hapa anazigawa kihalali. Ngumi na mdomo wa nje vikae Nairobi.

Ukiletewa karatasi isemayo kaunti zivunjwe, au fungu lao likatwe, ili "tuwe kitu kimoja mbele ya maadui", usitie pia, na hapa nasema kwa sauti kubwa zaidi. Muulize aliyeileta anataja adui yupi, na kaunti imemsaidia vipi adui huyo. Nikiwasikiliza hawa miaka yote, adui huwa hatajwi. Kaskazini-mashariki ilipewa umoja wa aina hiyo kwa miaka thelathini na leo bado ndiyo mpaka unaovuja.

Karatasi ya tatu bado sijaiona, na ndiyo ningetia. Ingesema hivi: mkataba wowote na serikali au benki ya nje unaogusa bandari, ufuo au maji ya kaunti usianze kazi mpaka usomwe wazi na bunge la kaunti hiyo pamoja na Bunge la Taifa, na mmoja akikataa, urudi mezani. Tena mvuvi wa diko awe na namba moja ya kupiga, inayoshikwa usiku na mchana.

Nilipata wazo hilo msikitini kwetu. Sanduku la sadaka lina mlango mmoja, wa chuma, na kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mwenyekiti, mwengine kwa mweka hazina, na hao wawili, Mungu awape afya, hawapatani hata juu ya saa ya kufungua feni. Katika miaka yangu yote pale sanduku halijawahi kupungua.

Juzi nikamweleza kijana. Akasikiliza mpaka mwisho, akakung'uta vumbi kwenye simu ya mtu aliyokuwa anaifungua.

"Na hao wa bunge la kaunti, ami, wakinunuliwa?"

Muuza kahawa alikuwa akipita na deli lake, akacheka kabla yangu. Nikamwambia kijana kwamba nalo nalifikiria, anipe mpaka Ijumaa.